Chumba Namba Kumi na Nne

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi tatu: kufagia ua, kujaza maji pipa la jikoni, na kumwacha baba yake asikilize habari za redioni bila kumkatiza. Mbili za kwanza alizimudu. Ya tatu ilimshinda tangu ajue kusema. Mtangazaji akinyamaza tu kuvuta pumzi, Chiriku alikuwa ameshachomeka swali. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mahudhurio. Mtaani alikuwa Chiriku, kama yule ndege asiyefunga mdomo.

"Mtoto huyu akikosa wa kumuuliza, atauliza ukuta," mama yake aliwaambia wateja, pini zikiwa mdomoni. Mama alikuwa fundi cherehani na alishonea barazani, kwa hiyo aliujua mtaa wote, au angalau nusu ya juu, ile yenye watu wa kushonesha nguo mpya.

Basi Mwalimu wa Maarifa ya Jamii alipotafuta wanafunzi watatu wa darasa la saba wa kwenda kuuliza watu maswali, darasa lilimtaja Chiriku kabla hajamaliza kusema. Aliyewahitaji alikuwa dada mmoja mtafiti kutoka chuo kikuu, mwenye viatu vya kutembea na mkoba uliojaa karatasi. Aliwaketisha watatu hao kwenye dawati la mbele, akawaeleza bila kuzungusha maneno.

Kituo cha afya kilikuwa na madirisha mawili ya kupokea wagonjwa. La asubuhi lilifungwa saa saba. La mchana lilianza saa nane hadi saa kumi na moja. Wauguzi walikuwa wachache, na halmashauri ilitaka kujua kama dirisha la mchana lina watu wa kutosha. Ingeuliza kaya sitini katika mitaa mitatu, ishirini kila mtaa. Zikipatikana kaya kumi na tano zinazotegemea dirisha la mchana, dirisha litabaki. Zikipungua hapo, litafungwa na muuguzi wake atahamishwa.

"Kwa nini wasimuulize tu mganga mkuu?" Chiriku akauliza. Nani mwingine?

"Mganga mkuu anawaona waliofika," Mtafiti akajibu. "Hawaoni waliokata tamaa njiani. Wala hajui kwa nini huyu amekuja saa tisa na si saa mbili. Ofisi hujitazama kwa ndani ikajiona safi. Sisi tunakwenda kuitazama kutoka mlangoni kwa mtu. Ndiyo kazi ya utafiti."

Akawapa kila mmoja fomu ishirini, zenye maswali matano: Mara ya mwisho ulikwenda lini? Asubuhi au mchana? Ulingoja muda gani? Ulipata dawa? Umeridhika? Hakuna kuandika jina, namba tu. Yeye mwenyewe alikuwa amepita mitaani akiandika namba za kaya milangoni kwa chaki.

"Mkikuta mlango umefungwa, rudini," alisema. "Na mwandike alichosema mtu, hata kama hakiwapendezi."

Jumamosi Chiriku akaanza na nyumba za juu. Nyumba ya kwanza mpaka ya saba zilikwenda vizuri. Katika ya nane alikaa mzee aliyestaafu posta, naye alimsimulia goti lake tangu siku lilipoanza kuuma, akiwa kijana, mpaka asubuhi ile. Saa nzima ilikwenda na goti. Katika nyumba hizo nane, watu wa nyumba saba walikuwa wakienda asubuhi na wa moja tu mchana.

Namba tisa mpaka ishirini zilikuwa mahali pamoja, mwisho wa mtaa, ndani ya Nyumba Ndefu. Ilikuwa na vyumba kumi na viwili vilivyopangana vikitazama ua mmoja, kila chumba familia moja. Chiriku alifika hapo saa sita, jua likichoma utosi, akakuta makufuli. Wapangaji wengi walikuwa vibarua, na saa sita kibarua yuko kazini. Akarudi nyumbani.

Jumapili alikwenda tena, saa tisa, na safari hii milango ilikuwa wazi. Alisimama getini. Uani watu wawili walikuwa wakigombania kamba ya kuanikia nguo, na maji machafu yalikuwa yametuama palepale pa kukanyaga. Mbele ya chumba kimoja mwanamke aliketi kizingitini, mfuko wa plastiki mapajani. Alimwona Chiriku akainua mkono. Chiriku naye akainua wake, kwa adabu. Wakati huohuo wenzake wakamwita kutoka barabarani: mechi ya mpira wa pete inaanza, na mfungaji wao ni yeye.

Mechi walishinda. Nitasema kweli, alicheza vizuri sana.

Jioni ile alikaa mezani na fomu kumi na mbili tupu, na kesho yake ndiyo siku ya kuzipeleka. Akawaza: mama huenda kituoni asubuhi. Baba asubuhi. Nyumba za juu karibu zote asubuhi. Mpishi huonja kijiko kimoja akajua sufuria nzima ina chumvi au haina. Akashika kalamu. Aliandika "asubuhi" mara kumi na mbili. Dakika alizibadilishabadilisha, hapa ishirini, pale thelathini na tano, na kwa namba kumi na saba akaongeza kuwa benchi la kungojea limevunjika mguu, ili ionekane mtu amelalamika. Kazi yote ilimchukua muda mfupi kuliko goti la mzee wa posta.

"Umemaliza?" mama yake akauliza kutoka barazani.

"Nimemaliza, mama."

Na watu husema njia ya mwongo ni fupi. Hii haikuwa fupi. Ilikwenda mbali sana, tena kwa gari la halmashauri.

Mwalimu alisifu mwandiko. Mtafiti alikusanya fomu, akashukuru, akaondoka. Baada ya wiki tatu wazazi na majirani waliitwa ukumbini shuleni kusikiliza matokeo. Wanafunzi watatu waliwekwa mstari wa mbele ili wapigiwe makofi. Shule ilipewa cheti. Kisha afisa wa halmashauri akasimama na ripoti mkononi, akasoma kwamba kati ya kaya sitini, kaya tisa tu hutumia dirisha la mchana. Kwa hiyo dirisha hilo litafungwa kuanzia mwanzo wa mwezi.

Nyuma ya ukumbi mwanamke mmoja akanyoosha mkono. Chiriku aligeuka. Alikuwa yule wa kizingitini. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali na hoteli, na watu walimwita Dobi.

"Samahani, bwana afisa," alisema. "Mimi nakaa Nyumba Ndefu, namba kumi na nne. Naenda mchana. Na sijaulizwa."

Afisa alikuwa mtu wa utaratibu. Alifungua faili, akalamba kidole, akafunua. "Kumi na nne hii hapa. Imejazwa. Ulikwenda asubuhi, ukangoja dakika ishirini na tano, ukapata dawa, ukaridhika. Labda umesahau, mama."

"Nisahau kuulizwa?"

"Mama, karatasi haina sababu ya kusema uongo."

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha watu wanaotaka mkutano uishe. Dobi alibaki amesimama kidogo, kama anayetafuta neno jingine, halafu akaketi. Ilikuwa rahisi sana kwa Chiriku kusimama wakati ule. Sentensi moja ingetosha. Yeye asiyeweza kuiacha hata taarifa ya habari ipite bila neno, siku hiyo alitazama vidole vyake vya miguu, akasikia aibu imempanda mpaka masikioni, na hakusema kitu. Alipopigiwa makofi, aliinama.

Dirisha likafungwa. Kwenye kioo chake wakabandika karatasi iliyopigwa muhuri. Kwa watu wa juu hakuna kilichobadilika, na Chiriku alianza kujifariji kwamba huenda hakuna kilichobadilika kwa yeyote.

Ilipita miezi miwili na nusu. Siku moja mama yake alimkabidhi koti la kazi lililotiwa kiraka. "Lipeleke Nyumba Ndefu, kwa yule Dobi. Namba kumi na nne." Chiriku angeweza kusema mguu unauma. Alikwenda.

Mlangoni alimkuta mtoto wa miaka mitano, ameketi ananyoosha waya wa kutengenezea gari. Alikuwa mtoto wa Dobi, na kwa namna alivyoamrisha wenzake uani, walimwita Bosi.

"Bosi, mama yupo?" Chiriku akauliza.

Bosi aliendelea na waya wake.

"Bosi. Nakuuliza wewe. Mama yupo?"

Hakuinua hata kichwa. Chiriku akadhani ni jeuri, na alikuwa karibu kumgusa bega kwa nguvu, pale Dobi alipotokeza mlangoni akifuta mikono.

"Zunguka upande wa pili, mwanangu. Huko duka limefungwa."

"Shikamoo, mama. Limefungwa vipi?"

"Marahaba. Sikio la kushoto. Halisikii."

Alilipokea koti, akakikagua kiraka, akashukuru. Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti, kama mtu anayesimulia mvua ya juzi. Sikio lilianza kutoa usaha wiki ya pili baada ya dirisha kufungwa. Kiwandani vibarua huchaguliwa getini saa kumi na mbili asubuhi na hutoka saa nane. Ukikosa siku moja, msimamizi anakusamehe. Ukikosa ya pili, unamkuta mtu mwingine amesimama mahali pako, naye ana watoto kama wewe. Dobi alikosa siku moja, akampeleka Bosi dirisha la asubuhi, wakapewa dawa ya matone na kuambiwa warudi baada ya siku tatu. Hakurudi. Alikwenda saa tisa baada ya kazi, akasimama mbele ya karatasi yenye muhuri. Akaendelea na matone mpaka yakaisha. Halafu akanunua mengine, kwa kukisia.

"Kabla ya hapo tulikuwa tunakwenda mchana, tunatibiwa, tunarudi," alisema. "Siku zile za maswali nilitoa kadi zake zote za kliniki, nikazitia kwenye mfuko, kila tarehe na saa. Nikasema mimi sijui kuongea na wakubwa, lakini kadi zitaongea. Nikakaa hapa. Na ile chaki mlangoni nikawakataza watoto wasiifute." Akamtazama Chiriku. "Nilikuona getini. Nikakupungia mkono uje. Ukanipungia na wewe."

Chiriku aligeuka. Alikimbia mpaka nyumbani, akapita mbele ya cherehani bila kujibu alipoitwa, akalia mpaka kichwa kikamuuma. Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Na mjukuu huyu alikuja akiwa ameketi kizingitini, ananyoosha waya, hasikii akiitwa.

Kesho yake, kabla ya kengele, aliingia ofisini kwa Mwalimu wa Maarifa ya Jamii akasema yote, hata mechi.

Mwalimu aligeuza shingo. Cheti kilining'inia ukutani nyuma yake, ndani ya fremu mpya.

"Unajua kile kinasema nini?"

"Shule bora katika utafiti, mwalimu."

"Na mwalimu mkuu amealika wageni wiki ijayo waje wakione." Akashika paji la uso. "Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

Mwalimu alikuwa mtu wa haki, lakini hata mtu wa haki hupenda cheti. Chiriku aliona jambo hilo likipita usoni mwake, na akaogopa, maana aligundua kwamba mkubwa naye anaweza kuinama akatazama vidole vya miguu. Mwishowe Mwalimu alivuta droo, akatoa simu, akatafuta namba ya Mtafiti. Cheti alikishusha baadaye, mwenyewe, akakilaza kifudifudi kwenye kabati.

Mtafiti alifika siku ya tatu. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Kosa lako ni kubwa," alimwambia Chiriku. "Langu si dogo. Kila mtaa nilipaswa kurudi kaya mbili tatu kuhakikisha. Sikurudi, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya ripoti. Fomu zako zilikuwa safi mno, na mimi nikaupenda usafi." Akafungua daftari lake. "Kwa nini uliandika asubuhi kwa wote?"

"Nilidhani watu ni walewale. Kama kuonja chakula kwa kijiko."

"Mpishi hukoroga kwanza ndipo aonje. Wewe ulichota juu. Chini kulikuwa kunaungua."

Siku mbili mfululizo, saa tisa baada ya masomo, waligonga milango ya Nyumba Ndefu mmoja baada ya mwingine. Kwa kila mlango Chiriku alitakiwa aeleze mwenyewe kwa nini wamekuja tena. Wengine walisonya. Mpishi wa hotelini, namba kumi na tisa, alicheka akauliza kama na kura yake nayo Chiriku humpigia. Baba mmoja mbeba mizigo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango. Walirudi kesho yake, naye akajibu akiwa amesimama.

Namba kumi na nne walifika mwisho. Dobi aliwapa kigoda kimoja na ndoo iliyopinduliwa, akamimina kadi zote kitandani. Chiriku alisoma maswali moja moja na kuandika kila jibu. Lini. Mchana. Saa moja na nusu, mara nyingine mbili. Dawa, ndiyo, wakati dirisha lilipokuwapo.

"Umeridhika na huduma?"

Dobi alimtazama Bosi, aliyekuwa amelalia sikio lake zima, hasumbuliwi na kelele za uani.

"Andika sijaridhika. Nisomee ulivyoandika."

"Sijaridhika."

"Haya."

Katika vyumba kumi na viwili, saba vilitegemea dirisha la mchana. Saba na tisa ni kumi na sita, na halmashauri ilikuwa imetaka kumi na tano. Mtafiti aliandika barua ya kurasa mbili akikiri kosa lake kwanza, la mwanafunzi pili, akaambatanisha fomu mpya. Halmashauri ilijibu kwamba suala limepokelewa. Baadaye ikajibu kwamba linashughulikiwa. Kufunga dirisha kulikuwa kumechukua siku kumi. Kulifungua kulichukua miezi miwili. Muuguzi alikuwa ameshazoea kwingine.

Katika kungoja huko Mtafiti alimpeleka Bosi kwa daktari wa masikio, mji mwingine. Daktari alimulika, akapima, akaeleza taratibu. La kulia lilikuwa salama na lingetunzwa. La kushoto lilikuwa limekwisha. Laiti wangefika mwezi wa kwanza wa ugonjwa, alisema, yangekuwa maneno mengine.

Siku dirisha lilipofunguliwa, foleni ilianzia mlangoni ikafika kwenye ngazi. Chiriku alikuwamo, kwa kuwa Dobi alikuwa ametuma aitwe. Mwalimu naye alikuja kushuhudia, na kwa kufurahi akasema kwa sauti ya kusikika, "Lakini mtoto huyu tumpe haki yake. Aliusema ukweli. Wangapi wangekaa kimya?"

Watu wawili watatu wakaanza kupiga makofi.

"Mwalimu," Dobi akasema, na makofi yakakoma. "Simchukii mtoto huyu. Lakini msimsifu mbele yangu."

Akamgeukia Chiriku. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama.

"Nilikuita nikwambie jambo moja, mwanangu. Ungeipeleka karatasi yangu ikiwa tupu, mtu angeuliza kwa nini ni tupu. Angekuja mwingine. Ungekuwa mvivu tu, na uvivu watu wanausamehe. Lakini hukuiacha tupu. Ulinisemea. Nikasimama mbele ya watu na mdomo wangu mwenyewe, wakaamini kalamu yako. Wakubwa hawakai nami chumbani. Wananijua kwa yale yaliyoandikwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo muulize anayekilalia, na umsubiri ajibu. Ukiona uvivu kuuliza, basi usiandike. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Vizuri kwamba umesikia," alisema Dobi.

Dirishani muuguzi akamwita anayefuata. Dobi akazunguka upande wa kulia wa mwanawe, akainama mpaka mdomo ukakaribia sikio, akamwambia zamu yao imefika.